Mafua Yaliyonikataa

Shangazi yangu hajui kuugua kimya. Akipatwa na homa, majirani watajua wote: atalalamikia mgongo, atalalamikia godoro, atauliza nani kamkorogea uji mwepesi hivi. Ndiyo maana ile wiki aliponyamaza, mimi niliogopa kuliko mtu yeyote.

Nilikuwa darasa la tano, mimi na shangazi tunaishi kwa bibi, mama yake, kwenye kibanja cha migomba na kahawa huko Muleba. Baba yangu alikwenda vitani na hakurudi. Siku mabomu yalipoanguka Bukoba nilikuwa nimekwenda kumtembelea shangazi Miembeni, mjini humo, alikoishi wakati huo, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni kutoka mjini mpaka tulipopata lori la kutufikisha nyumbani. Hadi leo hajaacha kunikumbusha jinsi nilivyokuwa mzito. Miaka michache baadaye mama naye akaondoka, kwa ugonjwa ule tuliokuwa tukiuita kwa jina la kitambaa cha magendo kilichotoka ng'ambo ya mpaka, kwa sababu tuliona wachuuzi wake ndio wanaotangulia kukonda. Shangazi alimuuguza mama mpaka mwisho. Na shangazi aliwahi kuuza kitambaa hicho. Kwa hiyo alipoanza kukohoa, watu walikuwa wameshaamua.

Kikohozi kikafuatiwa na homa iliyotetemesha kitanda, kisha hata kugeuka kukawa kazi. Siku zile kwetu hapakuwa na kipimo cha damu. Kipimo kilikuwa macho ya majirani. Walikuja kumwona kwa heshima zote, wakaketi kwenye nyasi mpya alizotandika bibi, wakatoa pole. Bibi akapitisha kikapu cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, ambayo mgeni wa kwetu haikatai. Waliikataa. Mmoja alisema meno yanamuuma, mwingine eti ametoka kutafuna nyumbani kwake, wa tatu akajifanya hajakiona kikapu. Bibi alikifunika polepole, akawashukuru kwa kuja. Walipoondoka akachukua kikombe cha shangazi, kile cha bati cha bluu, akakitenga peke yake dirishani na kuniambia nisikiguse. Nilimchukia bibi kwa hilo, ingawa alikuwa analia wakati anakiweka.

Mimi nilikuwa na mpango wangu. Mwalimu alitufundisha kwamba mafua hupita kwenye makamasi na mate, na hayachelewi kujitokeza. Ule ugonjwa mwingine, wakubwa walisema, unaweza kujificha kwa miaka. Basi nikajiambia: kama shangazi ana mafua tu, nikinywea kikombe chake nitaugua upesi, kila mtu ataniona ninavyochuruzika kamasi, na kikombe kitarudi mahali pake. Na kama si mafua? Hilo nililifikiria pia. Nikaona liwalo na liwe. Ndiye mama pekee niliyebaki naye.

Kila alipobakiza uji niliunywa, mdomo nikiuweka palepale alipouweka yeye. Kisha nikaanza kusubiri kuugua kwa hamu, kama tulivyosubiri msimu wa senene. Nilijipima paji la uso kwa kiganja. Nilijichokonoa pua kwa unyasi ili nipige chafya. Wapi! Nilikuwa mzima kabisa, nakula ndizi sahani mbili, nakwenda kuteka maji mbio. Jamani, sijawahi kuuchukia uzima wangu namna ile. Mwishowe nikaenda nyuma ya migomba nikalia, maana sasa nilikuwa na hakika kwamba shangazi anakufa.

Baba mdogo, ambaye shangazi ni dada yake mkubwa, akaja kutoka Bakoba, mtaa wa mjini Bukoba. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, leso puani, akakataa kikapu kwa mkono, na akiwa palepale akaanza kujadiliana na bibi nani atanichukua mimi na kaburi lichimbwe upande gani wa kibanja. Aliongea kwa sauti ya chini, lakini nyumba yenyewe ilikuwa ndogo. Shangazi, aliyekuwa hajasema neno tangu juzi yake, akafumbua macho.

"Nichimbieni karibu na choo," akasema, "ili huyu akija kunililia asikae sana."

Halafu akashikwa na kikohozi kirefu. Baba mdogo akaaga haraka haraka.

Haikupita wiki, habari zikaja kutoka mjini: baba mdogo yuko hoi kitandani, anatetemeka, amemwita padri, na mashati yake ameshayagawa. Bibi alimsikiliza mleta habari mpaka mwisho. Akauliza huyo mtoto wake alishika nini hapa zaidi ya mlango. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi akae chini, kwa sababu hata sisi tusiojua kitu tulijua kwamba ule ugonjwa hauruki kutoka kitandani mpaka mlangoni. Kufikia Jumapili kanisa zima lilikuwa linakohoa, na wale wenye meno mabovu ndio walioongoza. Yalikuwa mafua, waitu! Mafua makali, lakini mafua. Bibi alikitoa kikombe dirishani, akakiosha, akakichanganya na vingine. Shangazi akaketi kitandani, akaonja uji, akauliza sukari ya nyumba hii imekwenda wapi. Hapo nikajua amepona.

Baba mdogo pia alipona, akawa anaomba mashati yake nyumba hadi nyumba.

Ni mimi tu sikuwahi kukohoa. Nimekuwa mwalimu wa baiolojia kwa miaka mingi sasa, na kila nikifika kwenye mada ya jeni namkumbuka yule mtoto nyuma ya migomba. Maelekezo ya kupigana na virusi tunayo sote katika jeni za chembe zetu, ila muda mwingi yamekaa kimya. Virusi vya mafua vikiingia ndipo jeni hizo huwashwa, moja ikaiamsha nyingine, na mwili ukaanza kutengeneza silaha zake. Kinachotutofautisha ni muda na kiasi. Kuna mwili unaowasha mapema, ukamaliza kazi kabla mwenyewe hajapiga chafya. Kuna unaochelewa mpaka virusi vizaane, kisha ukawasha kila kitu kwa mpigo, na ile homa na kuvunjika viungo ni kelele za mwili wenyewe ukijitetea. Mwili wa shangazi, kama mdomo wake, haukuwahi kufanya jambo kwa sauti ndogo. Wangu huenda uliwahi. Au huenda nilishakutana na mafua ya jinsi ile kabla, nani ajuaye.

Likizo iliyopita nilimkuta na mafua, amejifunika blanketi, anamlaani kila mtu. Nywele zake ni nyeupe sasa, lakini kinyongo chake ni kipya: mafua yakimshika lazima aseme kwamba mwaka ule alitengewa kikombe na hakuna aliyekigusa, hata mimi. Nilikuwa nimezoea kumwacha aseme. Siku hiyo, nikimchemshia chai, nikamweleza habari za jeni zinazowashwa na kuzimwa, na nikaongeza kwamba huenda mwaka ule tuliugua pamoja, ila virusi vyake vilikufa ndani yangu bila mtu kujua.

"Virusi vyangu vilikuingiaje?" akauliza.

Nikamwambia.

"Kile cha dirishani?"

"Kilekile, shangazi."

Alinipiga kofi la bega, kofi la kweli, nikamwaga nusu ya chai niliyokuwa nikimmiminia. Akasema mimi ni mpumbavu wa kupitiliza, kwamba ningekufa, kwamba hakunibeba kutoka Miembeni chini ya mabomu ili nije nijiue kwa uji. Alisema mengi. Kisha akajifuta macho na pua kwa blanketi, akachukua kikombe chake, akapiga funda moja, akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwanangu."

Nikanywa, mdomo nikiuweka palepale alipouweka yeye.