Hotuba ya Mzee wa Supu

Jamani, mpaka leo nikifika Pasiansi karibu na banda la video la Baba Kulwa navuka barabara nipite upande wa pili, na kama wewe ni mtu wa kucheka aibu za wenzako basi vuta kiti, maana hii yangu niliipata mchana kweupe, mbele ya wazazi wa shule nzima, tena kwenye spika.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nilikuwa nautamani ulezi wa kikundi cha maigizo kuliko kitu chochote (miaka minne nalea kikundi cha usafi, nielewe). Mkuu wa shule, Madamu Fortunata, akaniambia nikiwasilisha vizuri mada ya maigizo siku ya wazazi, kikundi ni changu. Nikachagua komedi moja ya zamani ya jukwaani, ya tajiri anayejifanya mpishi nyumbani kwake mwenyewe ili awachunguze wachumba wa binti yake. Imetengenezewa filamu mbili, ya kwanza haina rangi, ya pili ya juzijuzi, nami kazi yangu ni kuzilinganisha.

Ya kwanza niliitazama na kamusi mkononi. Ya pili ndipo nilipochemsha. Nilikuwa nayo kwenye flashi, lakini Kiingereza chake kinakimbia, na Jumamosi Baba Kulwa alikuwa anaionyesha bandani kwake, anaitafsiri mwenyewe kwa maiki. Nikajisemea, filamu si ni ileile?

Nikaenda. Mwishoni, mpishi anapojulikana kuwa ndiye baba, nikasikia: "Mwanangu, wote hawa wamekula chakula changu, ni huyu mmoja tu aliyemuuliza mpishi kama na yeye amekula. Nenda naye." Nililia, na kanga nikailowanisha.

Siku ikafika. "Wazazi wangu," nikasema kwa sauti ya kiprofesa, "katika filamu ya kwanza baba anatoa baraka kikavukavu. Lakini hii ya pili! Sikilizeni hotuba yake, tazameni midomo inavyotetemeka!" (Midomo yenyewe sikuiona, mbele yangu bandani alikaa jamaa mwenye kofia kubwa.) Nikampa ishara Mwalimu Mabula wa kompyuta.

Mzee akatokea, ametupa mgongo, anakunywa supu. Binti analia, mzee anakunywa supu, kijiko baada ya kijiko, neno hakuna, halafu anamsogezea bakuli kijana mmoja, basi, imekwisha.

"Mwalimu Mabula, ongeza sauti!" nikapiga kelele.

Akaongeza. Tukaisikia supu vizuri zaidi.

Ukumbi ukiwa unacheka, akasimama mzazi mmoja kule nyuma, na nani mwingine, Baba Kulwa, mwanawe yuko kidato cha pili. "Samahani sana Mwalimu," akasema kwa upole uliozidi kuniua, "maneno yale ni ya kwangu. Pale huyo mzee amenyamaza, na bandani kwangu mtu akinyamaza wateja wanazomea."

"Hebu yaseme tuyasikie!" wazazi wakadai. Akapewa maiki yangu, Mabula akarudisha picha nyuma, mzee akanywa supu upya, Baba Kulwa akamsemea. Madamu Fortunata akavua miwani akajifuta macho. Na mimi nikalia tena, mjinga mimi, kwa maneno yaleyale.

"Kikundi cha maigizo kimepata mlezi," Madamu akatangaza. Moyo ukaruka, nikasimama. "Baba Kulwa, karibu sana. Na wewe Mwalimu, kwa kuwa umeshasimama, waite watoto wa usafi mkusanye viti."

Baadaye niliitazama ile filamu peke yangu, bila DJ wa kunitafsiria, nikaona kijana anayesogezewa bakuli ndiye yule aliyemkaribisha mpishi mezani. Yaani maneno ya Baba Kulwa yalikuwemo yote humo kwenye supu, aliyekuwa hayaoni ni mimi. Nimeapa sitasifu tena filamu ambayo sijaitazama kwa macho yangu mwenyewe, na sitasimama kabla sijasikia jina langu.