Mjumbe wa Pili Mlangoni

Hasira hii bado haijanitoka. Walimwita mama mdogo mtu wa usingizi, wakamwita hivyo ufukoni mbele ya kila mtu, naye alikuwa macho kuliko sisi sote.

Naishi kwake hapa Baraka, kando ya ziwa, katika chumba cha nyuma ambamo hata karatasi za riwaya yangu zinanuka ndagala, dagaa wetu. Ukutani kwake mradi mmoja ulitundika kisanduku cha plastiki. Ndani yake mlikuwa na redio ya kupokea na kidhibiti, kompyuta ndogo kama ukucha, na juu ya paa wakafunga king'ora. Nguzo ya vipimo iliyosimikwa Lweba ilituma kwa redio kimo cha maji ya ziwa. Nguzo ya Kazimia ilituma onyo, mara moja tu, upepo wa kusini ukichafuka. King'ora kilie, mitumbwi irudi. Mama mdogo alikabidhiwa kisanduku akilinde. Kila asubuhi alikipangusa vumbi, na hakuna aliyethubutu kuchomeka simu karibu nacho.

Alasiri moja upepo ulikuja, na king'ora hakikulia. Hakufa mtu, lakini mitumbwi miwili ilipinduka, nyavu zikaenda, jirani yetu akavunjika mkono. Kesho yake injinia wa mradi, mzaliwa wa hapa hapa aliyesomea Bukavu, alifika na pikipiki. Akafungua kisanduku, akakitazama, akakifunga.

"Machine iko bien," akawaambia wanawake waliokusanyika. "Mama alizima king'ora, ao alilala."

"Mi? Nilikuwa naanika ndagala hapa chini yake!"

"Basi na masikio uliyaanika," mke wa jirani akasema, na ufuko mzima ukacheka.

Ikaamuliwa kwamba Jumapili, watu wakitoka kanisani, kisanduku kihamie nyumba nyingine. Mama mdogo hakulia. Alikipangusa kama kawaida, kisha akanigeukia.

"We ulisoma informatique, mambo ya kompyuta, mwaka mumoja, kabla bitabu bikupoteze akili. Angaria mule ndani. Bamama banasema nililala."

Nilimwomba injinia maandishi ya programu yake. Alinitumia kwa simu, na maneno haya: "Soma, mwandishi. Haiko roman kama ile yako."

Nilisoma siku mbili. Kidhibiti kina kazi zake za kila wakati. Ujumbe ukifika, redio inakigusa kwa waya mmoja, nacho kinaacha kila kitu na kukimbilia, tuseme, mlangoni kumpokea mjumbe. Sheria ya pale mlangoni ni kutokawia: weka alama kwamba mjumbe amefika, rudi, kisha umsikilize huku mlango ukiwa wazi kwa wengine. Injinia alifanya kama tulivyolelewa. Kwetu mjumbe hasemi akiwa amesimama. Anapewa kiti na maji, anaulizwa habari za nyumbani mmoja mmoja. Programu yake ilisimama pale pale mlangoni, ikasoma ujumbe wote, ikauandika kwenye kioo cha kisanduku, ikauhifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu, na mwisho ikafuta alama zote za waliobisha. Muda wote huo haikusikia kitu kingine. Lweba ilileta salamu zake za maji, ikapokewa kama mkwe. Kazimia ikabisha nyuma yake na habari ya upepo, na alama yake ikafutwa pamoja na ile ya kwanza, king'ora kisiambiwe kitu.

Jumamosi mchana nilimwita injinia aje na redio zake mbili za majaribio. Wanawake wakasogea. Alituma onyo pekee: king'ora kikalia, kuku wakatawanyika.

"Munaona?" akasema.

"Sasa tuma salamu, na onyo palepale nyuma yake."

Akatuma. Kimya. Akarudia. Kimya, tukasikia mawimbi tu. Nikamwonyesha mstari kwa mstari, akasoma huku akijikuna shingo.

"Sasa mugeni utamuacha ku mulango?" akajaribu kucheka. Hakuna aliyecheka naye.

Alifungua kompyuta yake kwenye kiti cha pikipiki, akahamisha mistari michache, akajaribu tena. King'ora kikalia. Basi! Nyavu na mkono wa mtu, kwa mistari michache. Akaanza kufunga mkoba wake, kama fundi aliyemaliza kukaza skrubu. Nilitaka kumrushia kitu.

Mama mdogo alisimama mbele ya gurudumu.

"Mama, nimeshatengeneza."

"Umetengeneza machine. Mi bado."

Injinia akanong'ona kitu akitazama mchanga.

"Sauti! Siku ile ulikuwa nayo."

"Mama hakulala!" akapaza. "Mi ndiye nilikosea. Kisanduku kibakie kwake."

Mke wa jirani aliinamisha kichwa. Injinia alibaki amesimama juani, akingoja, nadhani, aambiwe aketi. Mama mdogo, ambaye sijawahi kumwona akimnyima mgeni kiti, alirudi kugeuza ndagala zake.