Hajja Atalala Wapi

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nimekaa kwa watu huko Al-Malqa, Riyadh, simu ya bosi mkononi, natafuta pa kulala katika mji ambao hata jina lake sikujua kulitamka. Chiang Mai, mji wa milimani kaskazini mwa Thailand. Miaka hiyo Saudia ilikuwa ikifunguka. Wanawake walishashika usukani wa magari, na safari za Thailand, zilizofungwa tangu mimi mtoto, zilikuwa zimerudi.

Nilikuwa nesi wa Hajja, mama yake bosi. Macho yake yalikuwa yakizimika na daktari alishasema hayatarudi. Hajja aliomba jambo moja tu, auone mlima wenye miti kabla giza halijafika. Bosi akanikabidhi simu. "Sista, wewe Kiingereza unakijua na mama unamjua. Tafuta pahala."

Basi nikatafuta. Mimi napenda kuchungulia miji ya watu, sikufichi. Nilifurahi utadhani nakwenda kutembezwa mimi. Kuna mji mkongwe uliozungukwa na handaki la maji, mahekalu kila kona. Kuna kando ya mto, kumetulia. Kuna mtaa wa vijana na mikahawa yao. Na kuna hoteli juu mlimani kabisa, mawingu yanapita chini ya dirisha. Nikasema hiyo ndiyo. Mtu kataka mlima, mpe mlima.

Kabla hatujalipa, tukashuka Jeddah ili Hajja awaone ndugu zake. Nami nikaenda mtaa wa Bani Malik kwa Bi Zuhura, mzee wa Kizanzibari aliyekuwa akiwapikia watu wa kwetu. Kwake hutoki bila kula. Nikamwonyesha picha za mawingu, akazitazama na mwiko mkononi.

"Pazuri. Mwenyewe kasemaje?"

"Mwenyewe nani, Bi Zuhura?"

"Huyo Hajja. Nyumba nzima mnamchagulia pa kulala, kuna aliyemuuliza?"

Bi Zuhura akanirudishia simu. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema. "Na huyo macho yanamuaga. Akiamka asubuhi asione kitu, hayo mawingu yatamwambia nini? Basi, halas, kula, kisha kamuulize."

Nilimuuliza jioni ileile nikimkanda miguu. Kisha akaniambia amezaliwa Al-Hindawiyah, hapo hapo Jeddah, nyumba zimebanana, na utotoni alijua asubuhi kwa masikio: adhana, muuza maharage, jirani akigombana na mkewe. "Kule kwa mwanangu nasikia kiyoyozi tu," akasema. "Mlima nitautazama mchana. Asubuhi nataka niwasikie watu wakiamka."

Basi huko Chiang Mai tukaenda kulala uchochoroni, nyumba ndogo ya wageni karibu na msikiti, kwa Waislamu ambao wazee wao walihamia kutoka China. Bosi alikunja uso alipoona ngazi. "Hata lifti mafi," akanung'unika, yaani hakuna. Lakini alfajiri ikaja adhana, halafu vinu vya viungo, mafuta ya moto, pikipiki, na mama mmoja jirani akapanda na bakuli la supu ya tambi, wala hajui lugha yetu hata moja. Hajja alikunywa yote.

Tulipompandisha mlimani, ukungu ulikuwa umeshuka. Hakuona ila weupe, na moyo uliniuma sana. Yeye akacheka. "Mlima umenionea haya. Nirudishe kwa watu wangu." Siku iliyofuata kulikucha kweupe. Akauona wote kutoka darini pale pale uchochoroni, miti na kila kitu, na akautazama mpaka chai ikapoa.

Tuliporudi Riyadh, macho yakaenda, kama daktari alivyosema. Asubuhi nyingine nikimwamsha ananiuliza, "Sista, wale wameamka?" Namjibu, "Zamani, Hajja. Supu ishachemka." Naye hukaa akisikiliza.

Mwanangu, iko siku utamchagulia mtu pa kukaa: mzazi, mgonjwa, mgeni, hata mwenzio wa ndoa. Uzuri wa picha usikutangulie. Kuuliza si ujinga. Muulize atakayelala hapo anataka kuamkia nini, kisha nyamaza umsikie. Mungu akupe nyumba yenye amani popote utakapofika, na siku macho yako yatakapochoka, usikose asubuhi yenye sauti za watu.