Okidi za Mwalimu Heino

Salme Rannaste alikamua ng'ombe wa shamba la pamoja kwa miaka ishirini na sita, na katika kijiji kizima cha Paelaste, kisiwani Saaremaa, hapakuwa na mtu ambaye yeye alimheshimu kuliko ng'ombe hao. Mchungaji alipomuuliza kwa nini haonekani kanisani, alimjibu kwamba kuamka alfajiri kusikiliza kelele alishakumaliza zizini.

Kitu kimoja tu alikuwa anakiinamia: okidi za porini zinazoitwa viatu vya dhahabu, zenye ua la manjano lililotuna kama kiatu cha mtoto. Zilimfikia mwaka wa sabini na nane. Wakubwa wa shamba walikuwa wameamua kupitisha mtaro katikati ya msitu wa mawe ya chokaa, na Salme, akitoka kukamua, akalikuta tingatinga limeshafika ukingoni mwa maua. Akamwaga maji ya ndoo, akachimba kwa mikono na kipande cha ubao, akaondoka na shina moja huku dereva akimcheka. Mtaro wenyewe haukupitisha tone la maji hata siku moja.

Alilipanda upande wa kaskazini wa nyumba, penye kivuli, katika kokoto za chokaa na majani yaliyooza. Mumewe, Endel, alisimama mlangoni akimtazama.

"Umekosa kazi wewe. Hilo halifiki Krismasi."

Lilifika. Baridi ilishuka nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri, bahari ikaganda, na mwezi wa Mei vichipukizi vikatoboa ardhi. Aliyetangulia kaburini ni Endel mwenyewe, ingawa hiyo ilikuwa miaka kumi na mitano baadaye.

Salme alijifunza bila kufundishwa. Aligundua kwamba baridi haiui okidi hii. Inalala chini ya theluji kama dubu, na bila baridi haiamki vizuri. Kinachoiua ni maji yaliyotuama mwezi wa Machi, theluji inapoyeyuka na kuganda tena, na watu wenye huruma. Hao wa mwisho aliwaogopa kuliko koa na panya. Wanaimwagilia, wanaifunika nailoni, wanaitilia mbolea, kisha wanalia. Yeye aliifunika matawi ya msonobari pale theluji ilipochelewa, basi. Shina moja likawa mashina arobaini.

Hakuna aliyekuja kuyatazama. Watu walikwenda kwa Mwalimu Heino Lepasaar.

Heino alikuwa mkuu wa shule mstaafu na mwenyekiti wa chama cha bustani. Mbele ya veranda yake, kila Juni, palichanua kiatu cha dhahabu chenye kibao cha jina la Kilatini. Alitoa hotuba ukumbini, kidole juu, kana kwamba wasikilizaji bado ni darasa la tatu.

"Siri zake ni mbili tu, ndugu zangu. Samadi ya kuku, na upendo."

"Samadi ya kuku!" Salme alisema kwa sauti kutoka kiti cha nyuma. "Hata kuku mwenyewe angekufa."

"Bi Salme, tunakushukuru," Heino akasema akitabasamu. "Ya maziwa tutakuuliza wewe."

Ukumbi ukacheka. Salme hakukasirika, kumkasirikia Heino kungekuwa kumpa cheo. Ila alianza kuhesabu. Mwaka ule ua la Heino lilikuwa na vichwa vitatu. Mwaka uliofuata vitano. Wa tatu, viwili. Mmea hauongezeki na kupungua hivyo kama mgonjwa wa homa. Tena Mei, alipotembea kwenye kile kipande cha msitu kilichobaki, alikuta shimo jipya, upana wa koleo mbili, limefukiwa kwa majani na mtu asiyejua kufukia. Sheria inakataza kung'oa hata jani la okidi hizo. Basi bwana mkubwa hakuwa anaotesha kitu. Alikuwa anazika mmoja kila mwaka na kuchimba mwingine.

Vuli ile Salme alitoa kabatini hereni za ng'ombe, zile za bati zenye namba, alizobaki nazo shamba la pamoja liliposambaratika. Akaenda msituni, na chini ya kila shina lililo karibu na njia akafunga hereni moja kwenye mzizi, taratibu, kwa uzi wa kitani. Akarudi nyumbani akala mkate mweusi na samaki wa moshi, akalala vizuri majira yote ya baridi.

Siku ya bustani wazi, mwezi wa Juni, kwa Heino walikuja watu sitini na mwandishi wa gazeti la wilaya. Vilma, mke wa Heino, mwanamke mnyamavu, alikuwa anagawa keki. Salme alifika na viatu vyake vya mpira, akapita katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya kibao cha Kilatini na kuchomeka mkono udongoni.

"Bi Salme! Unafanya nini?" Heino alipiga kelele. "Mtoeni huyo!"

"Nimepotelewa na ng'ombe, Mwalimu." Alitoa mkono, akaifuta hereni kwenye sketi yake, akaisoma. "Mia nne kumi na saba. Huyu ni Mustik. Alikuwa mkorofi, lakini kutoka msituni mpaka kwenye ua lako sidhani kama alikuja mwenyewe."

Mtu mmoja akacheka. Heino alikuwa mwekundu mpaka utosini.

"Na wewe zako ulizitoa wapi? Si msituni humohumo?"

"Chini ya tingatinga. Moja. Na bado iko hai. Zako ziko wapi, Mwalimu? Za mwaka jana? Za mwaka juzi? Tuonyeshe hata kaburi."

Kijiji kilimcheka Heino kwa wiki moja, kisha kikamgeukia Salme. Wakasema amemdhalilisha mzee mbele ya wageni. Wakasema ua ni ua tu. Chama kikamwandikia barua ya kumfukuza, na Salme akawasha jiko kwa barua hiyo. Watu wanaosamehe mwizi kwa sababu amevaa tai hawakuwa na cha kumnyima.

Septemba, wakati wa kugawa mashina, Vilma akabisha hodi. Alikuwa ameshika ndoo.

"Amekutuma?" Salme aliuliza bila kumkaribisha ndani.

"Hajui kama nimekuja."

"Basi unataka nini, shoga?"

"Miaka yote tisa, mimi ndiye niliyekuwa nashika gunia, Salme. Yeye anachimba, mimi nashika. Nataka kuotesha moja. Moja tu, kihalali."

Salme alikuwa amejiandaa kumdharau, na akamdharau kweli, kwa miaka tisa ya gunia. Lakini akachukua koleo. Alimkatia kipande chenye vichipukizi viwili.

"Ukikitilia samadi nitajua. Usikimwagilie. Usikihurumie. Kiache kigande."

"Na Heino akikigusa?"

"Huyo ni mume wako, si wangu."

Vilma alikizungushia kipande chake waya wa kuku. Majira ya pili ya baridi hayakuwa na theluji mpaka Februari, na Heino akatoka na blanketi na taa ya umeme ya kuangulia vifaranga. Majirani walimsikia Vilma, aliyekuwa hajapaza sauti kwa miaka arobaini ya ndoa: "Gusa uone! Peleka hiyo taa kwa kuku!" Yeye alikifunika matawi ya msonobari na kurudi ndani.

Mwaka wa nne kilitoa ua. Moja. Vilma alimwita Salme, na Salme akaja, akainama, akalitazama kutoka kila upande.

"Limepinda," alisema.

"Lakini limetoka."

"Limetoka. Sikatai."

Wakaketi verandani. Aliyeleta kahawa ni Heino, akamtilia Salme kwanza. Salme akaonja. Ilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo, na akamwambia hivyo.