Entanda ya Siku Tatu

Enzi zetu kule Muleba, umbali ulipimwa kwa chakula. Ukitumwa Bukoba mjini, unafungiwa ndizi za kuchoma kwenye jani. Ukienda Mwanza kwa meli, unaongezewa samaki mkavu wa Bumbire. Dar es Salaam ilikuwa meli usiku kucha, halafu garimoshi mpaka usahau sura ya mama yako, kwa hiyo entanda, yaani chakula cha njiani, ilijaza kikapu kizima. Msafiri akitoka bila entanda, aibu ilikuwa ya nyumba nzima, na Jumapili kanisani mngeisoma kwenye macho ya watu.

Mimi nilikosa shule kwa ajili ya kikapu hicho, na wahusika nawataja. Wa kwanza shangazi Koletha. Wa pili kaka yangu Projesti.

Baba mdogo Deusi alikuwa na kazi Dar. Alikuja likizo, akasema anarudi na mimi nikasome huko, na tunakwenda kwa ndege. Watu wakaja kunitazama kama bibi harusi. Yeye akatangulia kulala Bilele, pale Bukoba mjini, karibu na uwanja wa ndege. Projesti angenipeleka asubuhi kwa lori la kahawa. Baba mdogo aliacha agizo: njooni na nguo tu, jioni tutakula Dar.

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Jioni gani? Kwani Dar imehamia Kamachumu? Mama akajaribu kumweleza kwamba ndege inakwenda mbio.

"Wifi," shangazi akasema, "mbio ni za ndege. Umbali ni ule ule."

Kikao kikaisha. Alfajiri akainjika ndizi na maharage, akakaanga senene, wale panzi wetu watamu, akafunga na kahawa ya kutafuna. Lori likaja, likapiga honi. Projesti, badala ya kunishika mkono tuondoke, akamwambia dereva atangulie, sisi tutapata jingine. Alikuwa anangoja kukomba sufuria ya senene, mnyama yule.

Jingine tulilipata jua limeshakuwa kali. Tulipofika Muhutwe, ndege ikapita juu yetu ikinguruma, inaelekea ziwani. Projesti akainua macho huku anatafuna.

"Hiyo siyo yenu," akasema. "Yenu itakuwa kubwa zaidi."

Ilikuwa yetu. Baba mdogo alituma salamu baadaye kwamba mtoto asiye na haraka, Dar haimfai. Darasa la saba likawa mwisho wangu. Ile entanda ya siku tatu tuliila wawili siku ile ile ufukweni, kando ya uwanja wa ndege, mimi nalia, yeye ananiuliza kama hizo senene nitazimaliza.

Vijana wa leo wanapanda ndege na kibegi cha mgongoni, na ikichelewa kidogo wananuna kama wamefiwa. Ukiwauliza Dar ni mbali kiasi gani, wanakuonyesha simu. Mwezi uliopita binti yangu alikwenda kuanza chuo. Nilimsindikiza uwanjani, akapita mlangoni masikio yameziba kwa muziki, wala hakugeuka. Nilirudi Muleba, sijakaa vizuri, simu ikaita.

"Baba, nimefika."

Nilifurahi, nisiseme uongo. Kile nilichonyimwa mimi, yeye amekipata. Ila usiku huo niliikumbuka asubuhi yake yote, tangu anaamka mpaka anapaa, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemfungia entanda, wala aliyejaribu kumchelewesha.