Daraja Lililokwenda Misa

Jumapili ile, saa nne asubuhi, daraja la kupita Nyangezi halikuwa mtoni. Lilikuwa kanisani. Nililiona kwa macho yangu: mbao ishirini na mbili, kila moja na nambari yake ya rangi nyekundu, zimelazwa juu ya mawe kwa mistari miwili, na watu wamezikalia wakiimba. Mtoni palibaki vyuma viwili tu, kutoka ukingo huu hadi ule, na maji yakipita chini yake.

Nieleze kwanza tulifikaje pale.

Miaka ile ya Zaïre nilikuwa dactylo, mpiga mashine ya kuandika, katika ofisi moja ya barabara mjini Bukavu. Wakubwa walitaka kujua hali ya madaraja yote ya mkoa, na ingénieur wetu, yaani mhandisi, akapewa kazi ya kuyazungukia. Alinichukua mimi niandike, na shofere mmoja aendeshe jeep. Ingénieur alikuwa mtu wa utaratibu. Hata porini alivaa abacost, ile suti ya serikali isiyo na tai, iliyopigwa pasi, na mkononi alikuwa na nyundo ndogo ya kugongea mbao. Mbao nzima hulia, alituambia, iliyooza hunyamaza.

Fomu nilishika mimi. Kwa kila daraja iliuliza urefu, idadi ya mbao, kama mbao zimepigiliwa misumari, na mwisho hali yake: zima au bovu. Daraja lisilo na misumari lilihesabiwa bovu bila mjadala. Na daraja bovu lilikuwa na hukumu yake: barabara inafungwa kwa mti, malori hayapiti, na kantonye, yaani mtunzaji wa kipande kile cha barabara, anaachishwa kazi.

Tulikuwa tumeona mengi kufika siku hiyo. Kuna daraja tulilolipima upana huku tukisogeza mashati, kwa kuwa wanawake wa pale walikuwa wameanika nguo kwenye vyuma vyake vyote. Kuna jingine ambalo kila lori lilipita kwa mbao zake lenyewe: wanazitandika mbele, wanavuka, wanaziokota nyuma, wanaondoka nazo. Shofere wetu alifurahi sana. Alisema huyo ndiye mtu mwenye hakika na daraja, anayetembea nalo. Ingénieur aliniambia nisiliandike hilo.

Jumamosi mvua ilitukwamisha, na ingénieur hakutaka ratiba yake iharibike. Ndiyo sababu Jumapili asubuhi tulikuwa njiani badala ya kuwa misani kama Wakatoliki wengine.

Tulipofika mtoni tulikuta lori la ndizi limesimama kando, na mama mmoja mfanyabiashara amekaa kwenye kivuli chake anamenya muhogo. Hakuwa na haraka yoyote. Shofere wetu alishuka, akatazama vile vyuma viwili, akavua kofia.

“Maman, daraja imeenda wapi?”

“Imeenda misa, papa.”

“Misa?”

“Ndiyo. Itarudi kisha komunyo. Mukae, muhogo iko.”

Shofere alicheka mpaka akaegemea jeep. Ingénieur hakucheka. Alitazama saa yake, akatazama mto, akaniambia, kwa jina la heshima la miaka ile: “Citoyenne, andika. Mbao: sifuri.” Niliandika sifuri. Kisha akapanda mlima kwenda kanisani, nyundo mkononi, nami nikamfuata na fomu.

Kanisa lilikuwa la udongo, sakafu ya udongo, na mabenchi yake ndiyo hayo niliyokwisha kuyaeleza. Tulisimama mlangoni. Katekista, ambaye alikuwa akiongoza nyimbo, alitutazama, akanyoosha kidole kwenye nafasi iliyobaki mwisho wa mstari wa wanaume. Ingénieur alitikisa kichwa. Kidole hakikushuka. Kanisa zima likageuka kutuangalia, na mwishowe ingénieur wa mkoa akaketi juu ya mbao nambari kumi na nne, nyundo yake magotini. Mimi nilikaa upande wa wanawake, kwenye nambari tano. Ilikuwa mbao nzuri, haikuyumba.

Baada ya baraka ya mwisho hakuna aliyetoka mikono mitupu. Kila jamaa ilinyanyua mbao yake, watu wawili mbele na wawili nyuma, wakateremka mlima wakiimba wimbo uleule wa kutokea. Mtoni walipanga moja baada ya nyingine kwa kufuata nambari, na mzee mmoja mwenye koti la kazi akipaza sauti: “Saba! Saba iko wapi? Munatembea sawa na wageni!” Huyo ndiye alikuwa kantonye. Wimbo haujaisha, daraja lilikuwa limekamilika, mbao zimekamatwa kwenye vyuma kwa kamba za mgomba zilizosokotwa.

“Wewe ndiye mwenye daraja hili?” ingénieur alimuuliza.

“Ni mimi, chef.”

“Misumari iko wapi?”

“Iko mu milango ya watu, chef. Na mbao ya kwanza iko mu vitanda.”

Alieleza bila kuona haya. Mbao za kwanza zililetwa na serikali, zikapigiliwa vizuri, na mwezi haukuisha kabla ya kung'olewa moja baada ya moja. Akaomba nyingine, zikaja bila misumari. Basi akaita jamaa za kijiji, akampa kila mkubwa wa jamaa mbao moja na nambari yake. Kila Jumapili wanaileta misani. Jamaa isiyo na mbao inasimama tangu mwanzo hadi mwisho, na kanisa zima linaiona.

“Toka siku ile,” alisema, “hakuna mbao hata moja yenye ilipotea.”

“Na mgonjwa akipita Jumapili?”

“Tunakatiza wimbo, chef. Tunamuvusha, tunarudia.”

Ingénieur alivuta pumzi. “Papa, sikiliza. Daraja haliendi kanisani. Daraja linakaa mahali pake.”

“Chef, ile yenye ilikaa, iliibiwa.”

Watu walicheka, na mama wa ndizi, aliyekuwa amekwisha kupanda lori lake, akainama juu ya mikungu na kupiga kelele: “Papa ingénieur! Wewe mwenyewe uliikalia! Ilikuangusha?”

“Yeye iko na uzito ya abacost tu!” shofere wetu akajibu, na safari hii hata ingénieur alificha mdomo kwa mkono.

Lakini kazi ni kazi. Alianza kugonga. Aligonga mbao zote ishirini na mbili, akipiga magoti kila mara kama anayepima moyo wa mtu, na kijiji kizima kikimfuata nyuma. Ishirini na moja zililia. Nambari kumi na moja ilinyamaza. Mwenye nayo aliinamisha kichwa, na jirani zake wakamwambia mbele ya wote kwamba kanisani asimame mpaka alete mpya.

Kisha ingénieur alinijia. Alichukua fomu, akasoma mstari wa misumari, ambapo jibu lilikuwa moja tu. Kantonye alisimama hatua mbili kutoka kwetu, kofia kifuani. Alijua kusoma, alikuwa akiutazama mstari uleule. Mama wa ndizi naye alitutazama kutoka juu ya lori. Kama barabara ingefungwa kwa mti, mikungu yake ingeozea Nyangezi, na mzee yule angevua lile koti.

“Citoyenne,” ingénieur alisema polepole, “futa ile sifuri. Andika ishirini na mbili.”

Niliandika.

“Misumari: hapana.”

Niliandika.

“Hali...” Akageuza nyundo mkononi. “Hali: litakaguliwa tena.”

Nilimkumbusha kwamba fomu ina majibu mawili tu. Alisema anajua, maana yeye ndiye aliyeichora. Alifafanua, kwa sauti ya ofisi ili kila mtu asikie, kwamba daraja linalongoja ukaguzi wa pili haliwezi kufungwa, wala mtunzaji wake hawezi kuguswa, mpaka ukaguzi huo ufanyike. Shofere aliwasha jeep. Tulivuka nyuma ya lori la ndizi, mbao zikigongana chini yetu kama ngoma.

Bukavu nilipiga ripoti kwa mashine, nakala nne. Mbele ya madaraja yote palikuwa na neno moja, zima au bovu, isipokuwa hilo. Wakubwa walijibu kwa barua fupi: ukaguzi wa pili ufanyike. Kwa ukaguzi wa pili tulihitaji mafuta ya jeep. Tuliomba mafuta. Tuliomba tena. Kantonye naye alikuwa akitutumia vikaratasi kupitia mashofere wa malori: “Chef, namba kumi na moja ni mupya. Tunawangoja. Mukuye siku yoyote, lakini Jumapili kisha misa.” Nilivipanga vyote ndani ya jalada, kwa tarehe.

Ingénieur alihamishwa, akaja mwingine, naye akaomba mafuta. Siku nilipoacha kazi ile, jalada lilikuwa bado juu ya meza, na hakuna aliyekuwa ameandika kama daraja lile ni zima au ni bovu.