Mkwe Wangu na Programu Iliyosinzia

Miaka ile ya tisini mkwe wangu alikuja kukaa kwetu mtaa wa Viwanja Sitini, binti yangu akiwa mjamzito. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakutani hovyo. Kabla ya kwenda bafuni alitega sikio. Akisikia kimya, anatoka. Basi kati ya kusikiliza kwake na kutoka, mimi nimeshaingia uani na ndoo. Tulikumbana zaidi ya mara moja, yeye na taulo, mimi nikimgeuzia kisogo. Nikamtuma binti yangu amwambie kuwa masikio anayo, ila anayatumia mapema mno.

Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta katika ofisi moja pale mjini, walikoingiza habari za wagonjwa. Umeme wetu ulikuwa wa kubahatisha. Chini ya meza walikuwa na betri kubwa. Umeme ukikatika, betri inaipelekea programu ishara ili ihifadhi kazi upesi, kabla betri yenyewe haijaisha. Lakini mara nyingine ishara ilitumwa na kazi ikapotea vilevile. Bosi wake akasema ikitokea tena, akatafute kazi Dar es Salaam. Akienda Dar anaondoka na mke wake, na mjukuu wangu wa kwanza azaliwe kwa watu nisiowajua. Hapo ndipo nami nikaanza kuulizia mambo ya kompyuta.

Nilimuuliza binti yangu, yeye akauliza chumbani, jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Programu inaangalia kwanza kama ishara imekuja. Haijaja. Ndipo inakaa kusubiri mtu abonyeze herufi. Ishara ikiingia kwenye kale kanafasi, baada ya kuangalia na kabla ya kukaa, inapita bure. Karani amekwenda kunywa chai, programu inangoja herufi, betri inakwisha.

"Mwambie mumeo," nikasema, "hiyo programu kaizaa mwenyewe, maana wanafanana."

Chumbani kikasikika kicheko, kikakatwa kwa adabu.

Alihangaika nayo mpaka mpunga wa Katindiuka ukaanza kuvunwa. Alichopata ni hiki: ishara ikifika iache alama kwenye mlango uleule zinakopita herufi, na programu isubiri mlango huo mmoja tu. Alama ikitangulia, itakutwa palepale. Hakuna tena kuangalia huku na kusubiri kule.

Bosi hakuamini. Asubuhi nzima alichomoa waya wa umeme, akauchomeka, akauchomoa tena, herufi hazijaguswa, akitaka aikamate inasinzia. Haikupotea hata kazi ya mgonjwa mmoja.

Jioni mkwe wangu akasimama nyuma ya mlango wa jikoni, na safari hiyo hakumtuma mtu.

"Shikamoo mama. Hatuhami."

Nikaitika marahaba, nikamwambia binti yangu amwongezee wali, na aache kunitazama usoni.